Mushipa wa Baba

Neno moja nusura limuue baba yangu, na aliyelitamka ni mimi. Halikuwa tusi wala laana. Ni neno ambalo kila mtu wa Bukavu analitumia tangu akiwa mtoto, nami nililitamka mbele ya kitanda chake, nimevaa joho jeupe la mwanafunzi muuguzi, najiona msomi kweli kweli.

Ilikuwa miaka ya Zaire, baada ya kuambiwa tuache majina ya ubatizo na wanaume waache tai. Tuliishi mtaa wa Nyalukemba. Baba alikuwa mhudumu wa simu katika ofisi moja ya mjini. Alikaa siku nzima mbele ya ubao wenye matundu, vipokea sauti masikioni, akichomeka fishi ya waya hapa na kuichomoa pale ili mtu wa Bukavu azungumze na mtu wa Kinshasa. Kifaransa chake kilikuwa cha simu: subirini, laini ina shughuli, ongeeni. Aliipenda kazi ile kwa namna iliyotuchosha nyumbani. Ukimwita mara mbili alikujibu kwamba laini ina shughuli, kisha akacheka peke yake.

Halafu akaacha kucheka. Bwana mmoja mwenye abakosti, ile suti isiyo na tai, ya rangi ya majivu, alianza kuja kazini kwake na kukaa kwenye kiti nyuma ya mgongo wake, na daftari gotini. Hakuna aliyemtambulisha, na hakuna aliyethubutu kumuuliza anatoka wapi. Jioni, kabla baba hajavua vipokea sauti, bwana yule alimwuliza nani amempigia nani na wamesemezana nini. Baba hakupaswa kusikiliza mazungumzo ya watu, na pia hakupaswa kujibu "sijui". Mtu aishije kati ya hayo mawili? Aliishi hivyo zaidi ya mwaka, na hakutuambia neno, ila mama aliona anavyokunja mkono tumboni akidhani hatumwoni.

"Tumbo inaniunguza kidogo," alisema. Kidogo chake hicho kilikuwa kinamwamsha usingizini. Mama akawa anampikia uji wa mtama saa zote, akidhani ni njaa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kifo kilikuja kumuumbua Jumatatu, saa nne asubuhi, kazini kwake. Alitapika juu ya ubao wa simu kitu cheusi kilichofanana na mashapo ya kahawa. Yeyote aliyepita darasani kwetu anajua maana yake: ni damu iliyokaa tumboni ikaiva. Aliyemwinua na kumpeleka hospitali kwa gari lake ni bwana yule yule wa daftari. Mpaka leo sijui nimshukuru au nimlaani, na siku nyingi ninafanya yote mawili.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa shule ya uuguzi, na mazoezi ya kazi niliyafanya katika hospitali hiyo hiyo. Mwenzangu mmoja alinikuta wodi ya akina mama nikibadilisha mashuka. Aliniambia tu, "Kimbia, ni papa yako." Nilikimbia na shuka mkononi.

Baba alikuwa hai, midomo myeupe, mapigo ya moyo yanakimbia chini ya vidole vyangu. Daktari mpasuaji alikuwa mtu wa Kasai, mfupi, mwepesi wa hasira kama mimi, mwenye mikono ambayo hospitali nzima iliiamini. Kiswahili chake kilikuwa cha kuomba maji na kusalimia. Jumanne asubuhi aliniita ofisini mwake akanieleza kwa Kifaransa, upesi upesi. Kidonda cha tumbo kimekula mpaka kwenye damu. Sasa kimetulia, lakini kitafunguka tena. Inafaa kumpasua kabla hakijafunguka, kukishona, na kukata neva inayoliamuru tumbo kutengeneza asidi, ile inayoitwa nerf vague. Akaniambia, "Nenda ukawaelezee watu wako kwa lugha yenu. Nataka sahihi leo."

Neva hiyo niliijua, au nilidhani ninaijua. Mwalimu wetu aliiandika ubaoni, na kwa kuwa vague kwa Kifaransa ni wimbi, sisi watoto wa kando ya ziwa tuliandika pembeni mwa daftari: neva ya mawimbi. Hakuna aliyetukosoa. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba neno lenyewe ni la Kilatini na maana yake ni mzururaji, kwa sababu neva hiyo haikai mahali pamoja. Inatoka kichwani, inapita shingoni, inagusa moyo na mapafu, inateremka hadi tumboni. Tulifundishwa kwamba mtu akiogopa, tezi mbili zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini damuni, moyo unakimbia, na nyuma yake inafuata kortisoli, homoni ya hofu ndefu, ambayo haina haraka ya kuondoka. Neva ya mawimbi ilikuwa breki ya moyo na bosi wa tumbo. Katika mchoro wangu mishale yote ilielekea chini, na niliipaka rangi nyekundu. Nilipata alama nzuri sana kwa mchoro ule.

Basi nikaenda kwenye kitanda cha baba. Baba mkubwa, kaka yake, alikuwa amefika kwa lori kutoka Sange, bado ana vumbi la bonde la Ruzizi kwenye nyusi. Alikaa kando ya kitanda, kofia gotini. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo, na bila neno lake hakuna anayepasuliwa. Nikasimama wima, mikono nyuma, kama siku ya mtihani.

"Papa, munganga anasema batakupasua," nikasema. "Batashona kidonda, alafu batakata mushipa."

Baba mkubwa aliinamisha macho. Baba alinitazama.

"Mushipa?"

"Ndiyo, papa. Mushipa. Njo inaleta shida yote." Na kwa kuwa niliona hawajafurahi, nikaona niwatulize. "Mushipa hiyo mutu anaweza kuishi bila yeye. Hautaumia tena. Na mama naye atapumzika."

Nilimaanisha atapumzika kupika uji. Naapa, nilimaanisha uji.

Baba aligeuza uso ukutani. Baba mkubwa alivaa kofia, akaivua, akasema bila kunitazama, "Mutoto, wende kwanza inje." Nikatoka. Niliporudi, jibu lilikuwa hapana. Hapana ya watu wawili, haina maelezo.

Hapo ndipo ilipoanza hofu yangu. Nilirudi kitandani mara tano siku ile na kila mara nilieleza vizuri zaidi, yaani vibaya zaidi. Nilimwambia mshipa huo ukikatwa mtu anatulia. Nilimwambia wazee wengi wamekatwa na sasa wamenenepa. Baba alifumba macho. Mama alikuwa anakaa mlangoni akivuta rozari. Yeye hakuwapo nilipotamka neno lile, na baba mkubwa alimwambia tu kwamba bwana yake hataki kisu.

Jioni mapema bwana wa daftari alikuja. Alisimama miguuni pa kitanda, mikono mifukoni. Nilikuwa nimeshika kifundo cha mkono wa baba, nahesabu.

"Citoyen, utarudia kazi siku gani?" aliuliza kwa upole, akitumia lile neno la "raia" tuliloamriwa badala ya bwana.

Mapigo yaliruka chini ya vidole vyangu hata nikapoteza hesabu. Baba alijibu kwamba karibuni. Bwana yule aliitikia kwa kichwa, akaondoka, na viatu vyake tulivisikia mpaka mwisho wa korido. Niliendelea kushika mkono ule. Nilisubiri moyo urudi chini, nikasubiri sana. Nilikuwa nimeisoma adrenalini katika daftari langu, sasa niliishika kwa vidole, na ilikuwa inamla baba yangu.

Jumatano asubuhi choo chake kilikuwa cheusi kama lami. Shinikizo la damu lilikuwa limeshuka. Daktari aliniita tena ofisini na safari hii hakuniambia niketi.

"Uliwaambia nini?"

"Ulichosema wewe, daktari."

"Basi wana wazimu, au una wazimu wewe. Akitoka damu tena mbele ya macho yangu, nitajaribu. Akitoka damu njiani, mtamzika njiani."

Njiani, kwa sababu baba mkubwa alikuwa ameshasema. Saa nane mchana lori la samaki lilikuwa linarudi bondeni, na dereva amekubali kumlaza baba mbele, pembeni yake. Kule Sange kulikuwa na mganga wa miti anayeponya tumbo bila kumgusa mtu kwa kisu. Niliijua njia ile, makona yake na mashimo yake. Nilijua baba hatafika.

Ni kwa nini sikumwuliza tu, "Papa, unaogopa nini?" Aliyelelewa kwetu hawezi kuuliza swali hilo. Binti hamwulizi baba yake mambo ya mwili wake. Unapima mapigo yake, unamwaga choo chake ukigeuza uso, lakini humwulizi.

Karibu na saa sita nyanya yangu mzaa baba alifika kutoka kijijini, upande wa Walungu, kwa miguu sehemu na kwa gari sehemu, kikapu cha viazi mgongoni. Tulimwita koko. Nyanya na mjukuu kwetu wana utani usio na mpaka. Kwa Kiswahili chetu bibi ni mke, na koko aliniita bibi mwenzake, mke mwenza, eti tunagombea bwana mmoja, yaani babu yangu ambaye alikufa kabla sijazaliwa. Mambo ambayo mama yangu asingeyatamka hata akilipwa, koko aliyasema mbele ya padri.

Nilimkuta ameketi kwenye sakafu ya saruji tulipofulia mashuka ya hospitali. Alikuwa ameshamwona mwanawe, ameshazungumza na baba mkubwa. Alinitazama kwa jicho moja, la pili amelifumba kwa jua.

"Weye bibi mwenzangu," akasema, "unataka kukata baba yako mushipa. Sasa mama yako atabaki na nini?"

Sikuelewa. Aliona sielewi, akacheka, akacheka mpaka akapiga paja lake kwa kofi. Halafu akaona machozi yangu, akaacha.

"Hawakukuambia? Papa yako mukubwa, bakiwa bado vijana, alipata mushipa. Ile ya kushuka chini." Alionyesha mahali, bila haya. "Bakamupasua. Tangu siku ile hajazaa tena. Bibi yake wa kwanza alikimbia. Kila mutu kwetu anajua, ila ninyi batoto. Sasa weye unakuja na robe yako nyeupe, unasema batakata mushipa, mutu anaishi bila yeye, atatulia, na mama atapumzika!"

Nikaketi hapo hapo kwenye maji ya sabuni.

Mshipa kwa Kiswahili ni njia ya damu. Ni neva pia. Ni ngiri, ule ugonjwa wa kushuka kwa matumbo, ambao wanaume wetu walipasuliwa kuliko ugonjwa wowote mwingine. Na wanaume wakinong'onezana, mshipa ni nguvu za kiume zenyewe. Neno moja, mizigo minne, nami nilimtupia baba yangu yote mbele ya kaka yake ambaye kisu kilishampitia. Ulimi hauna mfupa, lakini wangu siku ile ningependa ungekuwa nao, uvunjike. Nilijichukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote, pamoja na yule bwana wa daftari.

"Koko, wende umwambie," nikasema. "Mwambie haiko ile."

Uso wake ukabadilika. "Mimi? Mimi nilimuzaa. Mutu haongei mushipa na mutoto wake."

"Mama basi."

"Mama yako akiongea ile, papa yako atafikiri anaililia. Haya itamuua mbele damu imuue."

Baba mkubwa hakuwezekana kabisa. Nilihesabu watu wote niliowajua katika mji ule wa vilima na hakuna hata mmoja aliyeweza kumtamkia baba sentensi ile fupi: hawatakugusa huko. Saa ya wodi ilikuwa imepita saa saba. Nilisimama, sketi imelowa, nikaenda.

Baba alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa shati lake na viatu. Viatu hivyo alivivalishwa na mama, kwa kuwa yeye hakuweza kuinama. Rangi yake ilikuwa ya majivu. Baba mkubwa alikuwa ametoka kulitazamia lori barabarani. Nilimwomba mama aende kumpelekea koko maji, akaenda. Nikachukua karatasi ya homa iliyoning'inia kitandani, nikaigeuza nyuma, nikachomoa kalamu.

"Papa, jana nilisema mubaya. Nilikosa neno. Mushipa haiko."

Safari hii hakufumba macho.

"Iko ligne," nikasema, yaani laini, kwa Kifaransa chake cha kazini. "Ligne ya simu."

Nikachora duara juu na mfuko chini, na mstari kati yao. "Hii juu ni kichwa. Ni central, fasi ya kuunganisha simu. Hii chini ni tumbo. Yule bwana akikaa nyuma yako, kichwa inaogopa, inapiga simu kwa tumbo: toa asidi, toa asidi. Asubuhi mupaka mangaribi haichomoe fishi. Tumbo inajikula yeye mwenyewe. Munganga anataka kukata ligne ile moja. Fasi hii." Nikaweka kidole kwenye mchoro, kisha, Mungu anisamehe, nikakiweka juu ya shati lake, chini tu ya kifua, mahali ambapo binti anaweza kugusa. "Kisu inaanzia hapa, inaishia hapa kwa kitovu. Chini ya kitovu, papa, hakuna mutu atafika."

Nilisema sentensi hiyo nikitazama karatasi. Naye aliisikia akitazama karatasi. Nilisikia pumzi yake ikitoka polepole.

Alichukua mchoro ule kwa vidole viwili. Aliutazama kama alivyotazama ubao wake asubuhi kabla ya simu ya kwanza. Mara akauliza, kwa sauti ya kazi, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Jumatatu:

"Ligne hii inabeba sauti upande moja, ao zote mbili?"

Sikujua. Ninaandika hapa bila kujitetea: sikujua, na sikuwa nimewahi kujiuliza. Nilikumbuka mishale yangu myekundu, yote inaelekea chini, na alama nzuri niliyopata. Nje honi ya lori ililia.

"Upande moja, papa. Kichwa inasema, tumbo inasikia. Ni ile tu."

Aliinua macho akanitazama usoni. Alinitazama muda mrefu kiasi kwamba nilitaka kumwambia aharakishe, lori linangoja. Halafu akasema, "Basi. Leta karatasi yao nitie sinyatire."

Baba mkubwa aliingia wakati kalamu iko bado mkononi mwake. Aliuliza kinachofanyika. Baba alimjibu kwa heshima, kama mdogo anavyomjibu mkubwa wake: "Yaya, tulisikia mubaya. Ni ligne, haiko mushipa. Achia lori iende." Baba mkubwa alitutazama sisi wawili, akaitazama ile karatasi. Sidhani kama aliamini. Lakini hakupinga tena. Aliketi kwenye stuli kama mtu aliyeshushwa mzigo ambao hakuomba kubebeshwa.

Lori lilikuwa halijafika kona ya kwanza baba alipotapika tena. Safari hii ilikuwa damu nyekundu, mbichi, nyingi, ikajaza beseni na kumwagika kwenye viatu vile alivyovalishwa na mama. Nilipiga kelele ambayo muuguzi hapaswi kuipiga. Daktari alikuja mbio, akamtazama, akatazama sahihi, akawaamuru wasukume kitanda. Damu ilihitajika. Damu ya mama haikumfaa wala yangu haikumfaa. Ya baba mkubwa ilimfaa. Mtu yule aliyeogopa kisu kuliko kifo alinyosha mkono wake, akafumba macho, akaniambia nimshike bega mpaka chupa ijae. Nilimshika.

Tulikaa nje ya chumba cha upasuaji tangu saa tisa hadi saa kumi na mbili kasoro. Koko hakutania. Mvua ya Bukavu ilinyesha ikaacha, ikanyesha tena. Nilijaribu kusali nikashindwa, kwa kuwa kila nilipoanza nilijiona tena na lile joho langu jeupe. Kama atakufa, nilijiambia, ni kwa siku ile moja iliyopotea, na siku hiyo niliipoteza mimi.

Mlango ulifunguliwa. Daktari alitoka, barakoa chini ya kidevu, na kibakuli cha chuma mkononi. Alikisogeza mbele yangu. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya uzi mweupe, vifupi kuliko kiungo cha kidole changu.

"Voilà ton mushipa," akasema, yaani huu hapa mshipa wako.

Kumbe koko alikuwa amekwisha kumweleza yote mlangoni kabla hajaingia kupasua, kwa ishara, na yeye alielewa! Nilitaka kucheka nikalia. Baba alikuwa hai.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kidonda hakikurudi. Lakini njaa ilimhama. Alikula kwa kufuata saa ya ukutani, kama mtu anayetimiza zamu, na mama alikasirika akidhani mapishi yake yameharibika. Alirudi kazini, na bwana wa daftari alikuwa bado kwenye kiti chake. Siku moja baba aliniambia jambo ambalo sikulijali wakati ule. "Zamani woga ikikuja, inashika tumbo, mi najua imefika. Alafu inaenda. Sasa inakuja, inakosa fasi ya kukaa, inazunguka tu." Niliona hivyo mwenyewe: akishtuka asubuhi, mikono yake ilikuwa baridi mpaka mchana.

Mimi nikawa mwalimu wa wauguzi. Daktari mmoja aliyekuwa anahama mji alitugawia vitabu vyake, na katika kimoja, nikitayarisha somo, nilikuta mchoro wa neva yangu ya mawimbi. Mishale mingi ilipanda juu. Nilifikiri wamekosea kuchapa. Nikasoma. Nyuzi nyingi za neva ile hazibebi amri kutoka kichwani, zinabeba habari kutoka tumboni na moyoni kwenda kichwani. Baadaye, kila kitabu nilichokipata kilieleza zaidi: kichwa kinapopata habari kwa neva hiyo kwamba huku chini kumetulia, tumbo limeshiba, moyo unapiga taratibu, ndipo kinapopunguza amri zake kwa zile tezi za juu ya figo, na homoni za hofu zinateremka. Habari isipopanda, kichwa kinaweza kubaki kimesimama macho, kinamwaga kortisoli kwa hatari iliyokwisha kwenda zake. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwa baba. Mtu mmoja si ushahidi, na yule bwana wa nyuma ya kiti angetosha kumtetemesha mtu mwenye neva zote. Lakini swali la baba lilikuwa na jibu, na jibu nililompa lilikuwa la uongo.

Nilibeba hilo miezi kadhaa. Nilikuwa mkali nyumbani na darasani, wanafunzi wakinikimbia. Mwisho nilikwenda Nyalukemba mchana mmoja wa Jumapili, nikamkuta barazani, mzee sasa, amestaafu, anasafisha redio yake kwa kitambaa. Nikaketi chini. Nikamwambia bila kuzunguka.

"Papa, siku ile nilikudanganya. Ligne inabeba pande zote mbili. Na sauti mingi inatoka kwa tumbo kwenda kwa kichwa. Sikujua, lakini nilisema kama mutu anajua. Ulitia sinyatire juu ya neno yangu."

Aliendelea kufuta redio. "Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Miaka yote ile nilifanya simu. Ligne ya upande moja haiko hapa duniani." Alipuliza vumbi kwenye kifungo cha redio. "Nilikuuliza tu nione kama weye unajua."

"Sasa juu ya nini ulikubali, papa? Ulijua sijui kitu."

"Nilikuwa nimeona uso yako," baba akasema. "Kufa nilikuwa tayari, hata kwa lori. Lakini ningekufa ile siku, ungebaki kusema mudomo yako njo iliniua. Na ungeisema mupaka uzee yako, nakujua."

Nililia mbele yake, mimi mwalimu wa watu, na yeye akaniacha nilie.

"Kisu ilikuwa kitu kidogo," akasema.